Mama Mkwe, Plagi Mpya na Waya za Zamani

Nyinyi wenzangu wa ofisini na wa kanisani mmenichosha. Kila nikipita mnanivuta pembeni: "Ehe, tuambie, ilikuwaje? Mtu ana gari lake mwenyewe, atoke Khwisero Jumanne asubuhi, afike Lugari Jumatano jua likizama? Ulikuwa unalivuta kwa kamba?" Mnacheka. Haya, nimekaa chini nimeandika yote mara moja. Someni, mpeane, mniache nifanye kazi.

Jambo lenyewe mnalijua nusu. Mke wangu Dorika anakaa Lugari, kwenye kipande tulichopata shamba la mzungu lilipogawanywa. Yeye analima mahindi kule, mimi niko karani hapa Kakamega, naenda kumwona mwisho wa mwezi. Tumekwisha zika watoto wawili. Wote walizaliwa hospitali na wote hawakuiona siku ya pili. Mimba hii ilikuwa ya tatu na ilikuwa imefika mwisho. Jumatatu jioni dereva wa lori la mahindi akaniletea neno kutoka kwa jirani yetu: Dorika miguu imevimba hata viatu havimwingii, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Mkunga amemwambia aende hospitali na amekataa katakata. Anasema hospitali ndiyo iliyowameza wale wawili, na hainui mguu wake kitandani mpaka mama yake mzazi aje amshike mkono. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kumchukua mama mkwe Khwisero na kumfikisha Lugari kabla mambo hayajaharibika.

Mama mkwe! Hapo ndipo ugonjwa wa safari ulipoanzia, si kwenye gari. Nyinyi mnaijua mila yetu, lakini yule mwenzetu wa Pwani aliyehamishiwa kwetu juzi ndiye anayeuliza kuliko wote, basi nimweleze. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaongei. Akikuona njiani anaingia shambani. Ukimwona wewe kwanza, unaingia wewe. Ndiyo heshima. Nilikuwa nimemwoa Dorika miaka kadhaa na mama yake nilimjua kwa mgongo tu. Sasa mtie mtu huyo ndani ya kigari kidogo cha Kiingereza, nilichouziwa na bwana mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao baada ya Uhuru, halafu uniambie utampitisha wapi.

Khwisero

Nilifika kwao kukipambazuka, nikitaka tuondoke saa ile ile. Wapi! Nikakuta chai. Na chai ya Khwisero si chai, ni viazi vitamu, ni mayai, ni maombi. Mzee wa kanisa akaombea barabara, akaombea magurudumu, akaiombea serikali yetu mpya waziri mmoja mmoja. Mimi nimefumba jicho moja, la pili linatazama jua linavyopanda.

Bibi yake Dorika, mama wa marehemu baba yake, alikuwa amejitolea kuja nasi awe msemaji kati yangu na mama. Sisi bibi tunamwita Kukhu, na Kukhu hana mwiko na mume wa mjukuu. Huyo anakutania mpaka ukimbie. Mimi ananiita "mume wangu" mbele ya kanisa zima. Yeye akakaa mbele, karibu nami. Nyuma yetu tukatundika leso kwenye kamba, mlango hadi mlango, na nyuma ya leso ndipo pakawa mahali pa mama. Kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza kikatazama juu. Kuanzia hapo nikawa naendesha bila kujua kinachonifuata ni lori au ni ng'ombe.

Lakini mama hawezi kuingia garini mimi nikiona. Nikaambiwa nijifiche nyuma ya ghala. Nikajificha. Nikangoja. Nikasikia mlango wa gari unafungwa, unafunguliwa, kikapu kimesahauliwa, kikapu kimeletwa, kuku amekimbia, kuku anafukuzwa.

"Mume wangu, toka sasa!" Kukhu akaita. "Mkwe wangu amekwisha kaa!"

Nikawasha. Gari likakohoa, likatikisika, likanguruma kwa silinda tatu, ya nne imesusa. Hilo nalo lilikuwa limeanza wiki iliyotangulia, nami nilijua dawa yake: plagi zimechoka. Nikasema tutapita mjini ninunue mpya.

"Hii gari yako inakohoanga hivi kila siku?" Kukhu akauliza.

"Ni plagi, Kukhu."

"Mimi mume wangu wa kwanza alikohoa hivyo mwezi mmoja, tukamzika," akasema, akacheka peke yake hadi tukafika barabara kubwa.

Mjini, dukani kwa Bwana Kanti

Nikaegesha mbele ya duka la spea la Bwana Kanti, Mhindi mmoja mnyamavu aliyezaliwa hapa hapa Kakamega. Nikaingia mbio nikiwa na plagi moja kuukuu mkononi. Nilidhani ni jambo la kusema "nipe nne" na kutoka. Kumbe mtu akinunua plagi Kakamega, mji mzima unanunua naye.

Palikuwa na mwalimu aliyekuja kutafuta taa ya baiskeli, na palikuwa na dereva wa lori aliyekuja kujikinga na jua. Kanti akaweka aina mbili kwenye meza, za shingo fupi na za shingo ndefu. Nikanyoosha mkono kwenye ndefu.

"Chukua hizo," dereva akaniunga mkono. "Ndefu inapeleka moto mpaka ndani kabisa."

Kanti akachukua ile plagi yangu kuukuu, akaisimamisha kando ya ile ndefu, akatikisa kichwa. "Hii iko ndefu sana. Nyundo ya injini inapanda, inagonga hii, injini kwisha. Shingo lazima sawa-sawa." Akanirudishia fupi. Sawa, nikakubali. Nikadhani tumemaliza.

"Na za moto au za baridi?" akauliza.

Ala! Plagi nayo ina moto na baridi? Mwalimu akapata mahubiri yake papo hapo. Kwa kuwa Lugari ni baridi, akasema, plagi inayofaa ni ya moto, kama mtu anavyovaa sweta. Dereva akasema huo ni upuuzi, injini ikiwa na joto haijui kama nje ni Lugari au Kisumu. Mwalimu akamwuliza amesoma hadi darasa la ngapi. Dereva akamwuliza ameendesha lori gani. Mimi nimesimama katikati, mke wangu anaona ukungu, na watu wazima wawili wanataka kupigana kwa ajili ya plagi zangu.

Wakati huo wote Kanti alikuwa ametoka nje kulitazama gari lenyewe. Nilimwona kwa dirisha akiinua boneti, akainama, kisha akasimama kando ya mlango akizungumza na akina mama. Aliporudi akanipa plagi zinazofanana na zile nilizokuwa nazo, za kadiri, akaweka na fungu la waya mezani.

"Chukua hii pia. Waya za plagi. Nimekwisha eleza wenyewe kule kwa gari."

Laiti angenyamaza dereva! Lakini akarukia zile waya. "Bwana Kanti, mpe zile mpya, za nyuzi nyeusi ndani. Na hizi za shaba redio inakoroma."

"Za shaba ndiyo zinadumu," mwalimu akasema.

"Na redio je?"

"Sina redio!" nikapiga kelele. "Gari langu halina redio, halijawahi kuwa na redio, na leo sitaki kusikia habari ya redio! Nipe plagi nne niende!"

Kanti akaziangalia zile waya, akaniangalia, akazirudisha rafuni. Nikatoka nikifoka, nikazifunga plagi mwenyewe pale pale barabarani na spana niliyoazimwa dukani, huku nyuma ya leso mama akinong'ona. Alinong'ona kwa muda mrefu. Maneno yalikuwa mengi na yalikuwa na haraka.

Nikamwuliza Kukhu, "Mama anasemaje?"

"Anasema asante kwa juhudi zako."

"Yote hayo ni asante?"

"Ni asante ndefu," Kukhu akajibu, akatazama mbele.

Nikawasha. Jamani, gari liliimba! Silinda zote nne, laini kama cherehani. Nikajisikia mwanamume. Nikapiga honi mbele ya duka la Kanti, mwalimu akanipungia ile taa yake ya baiskeli.

Msituni, kwenda Malava

Mwenzetu wa Pwani hajui bado, lakini hapa kwetu mvua ina saa yake kama karani. Mchana jua linakuchoma utosi, alasiri mawingu yanatoka msituni na maji yanamwagwa. Yalimwagwa tukiwa katikati ya miti. Matone ya kwanza gari likashtuka. Ya pili likaanza kukohoa. Tulipofika kwenye mteremko likazima fyuu, likateleza kidogo kwenye udongo mwekundu wa murram, likasimama.

Plagi mpya! Plagi za leo asubuhi! Nikatoka, nikafungua boneti mvua ikiniingia shingoni, nikazitoa zote nne, nikazipangusa na shati, nikazirudisha. Hakuna kitu. Nikazungusha hendeli ya kuwashia mpaka mkono ukafa ganzi. Gari likasema "tuu, tuu," likanyamaza.

Nyuma ya leso, mnong'ono.

"Mama anasemaje?"

"Anasema tuombe."

"Mwambie naomba tangu Khwisero!"

Wakaja wanaume watatu waliokuwa wamejikinga chini ya mti. Mmoja akasema petroli imeingia maji. Mmoja akasema Mhindi ameniuzia plagi zilizotumika. Wa tatu hakusema kitu, akakunja suruali akaenda nyuma kusukuma. Nami nikaenda nyuma kusukuma. Ndipo nikakumbuka: dirisha la nyuma ni kioo, na nyuma ya kioo yuko mama, hana leso upande huo. Ukiinama kusukuma, pua yako iko usoni pake.

Mlishawahi kusukuma gari kwa makalio? Mimi nimesukuma. Nililigeuzia mgongo, nikaegemea, nikaenda kinyumenyume kwenye tope na mvua, macho yangu yakitazama Kakamega nilikotoka. Wale wanaume waliona leso, wakaona mgongo wangu, wakaelewa. Hata wao wameoa. Yule mnyamavu akasema tu, "Pole, ndugu," akageuza mgongo naye ili nisiaibike peke yangu. Tukalisukuma hivyo mpaka boma la kwanza la Malava.

Malava kwa mzee Zakayo

Mwenye boma alikuwa mzee Zakayo, mkulima aliyestaafu kazi ya reli. Hakutujua hata kidogo. Hilo halikumzuia.

"Mulembe, mulembe! Kalibuni ndani! Mvua inaletanga wageni wazuri."

Nikamshukuru, nikamweleza hali: mke mgonjwa, Lugari, gari. Alisikiliza kwa uso wa huruma kabisa, kisha akamgeukia mke wake akasema, "Kamata jogoo."

"Mzee, hatuna muda wa—"

"Utapita kwangu na tumbo tupu, watu wa Malava waseme nini?"

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka kurarua nguo zangu. Ile mvua ilikatika. Jua likatoka kali, barabara ikaanza kufuka moshi. Nikaenda kwenye gari, nikazungusha hendeli mara moja, na gari likawaka! Likaimba kama asubuhi! Nikakimbia kuwaita akina mama twende. Kukhu yuko jikoni amekaa na mke wa Zakayo kama wamezaliwa pamoja, mama yuko chumba cha nyuma asikoonekana, na jogoo yuko chunguni hajalainika.

"Kukhu, gari limewaka!"

"Lizime, litamaliza petroli. Ingokho ya watu haiachwi njiani, mume wangu. Ukiwaacha na kuku wao, umewatukana."

Tukangoja kuku. Jogoo mwenyewe mzee, nadhani alimwona Zakayo akioa. Ukaja obusuma, ugali mkubwa kama jiwe la kusagia, nikapewa firigisi mimi mgeni, nikaitafuna huku nikitazama mlangoni, jua linapungua, mawingu yanarudi. Tulipomaliza kunawa mikono, mvua ikanyesha tena. Nikazungusha hendeli. "Tuu, tuu." Kimya.

Mlangoni mwa chumba cha nyuma, mnong'ono. Safari hii wa ukali. Kukhu akarudi akiifunga vizuri leso ya kichwani.

"Mama anasemaje?"

"Anasema... jogoo alikuwa mtamu."

Tulilala Malava. Sitasimulia nilivyolala.

Kabras

Alfajiri gari liliwaka bila hata kubembelezwa. Nikasema labda zile plagi zilihitaji kuzoea. Tukazidi kuingia Kabras, miwa kushoto, miwa kulia, moshi wa vinu vya sukari guru unanukia hadi ndani ya gari. Barabara kavu. Nikaanza kupiga mluzi.

Mbele yetu kukatokea mkokoteni wa miwa, ng'ombe wanne, na mwenyewe amelala juu ya mzigo. Nikapiga honi. Ng'ombe mmoja akageuza kichwa, akanitazama, akaendelea na mambo yake. Nikapiga tena. Nikafuata nyuma kwa mwendo wa maiti mpaka uvumilivu ukaniishia, nikashuka pembeni niwapite. Pembeni palikuwa na dimbwi la mvua ya jana. Sikulijua kina chake mpaka tulipokuwa ndani. Maji yakaruka juu ya boneti, yakaja kwenye kioo, na gari likazima katikati ya dimbwi.

Mkokoteni ukatupita. Mwenyewe akaamka, akasema, "Poleni," akalala tena.

Niliukamata usukani kwa mikono miwili, nikaweka paji la uso juu yake. Nilimwona Dorika kitandani. Niliyaona makaburi mawili madogo karibu na ua. Nikasema kwa sauti, sijui nikimwambia nani, "Atakufa. Atakufa nami niko kwenye dimbwi."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya leso, si mnong'ono. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuwaita watu ng'ambo ya bonde.

"Ni waya!"

Niliganda. Kukhu naye akaganda.

"Mama yangu," mama akamwambia Kukhu, na kila neno nililisikia, "ulimwambia? Dukani nilikwambia umwambie. Msituni nilikwambia. Malava nilikwambia. Yule Mhindi alisema mbele yetu sote wawili: waya zimepasuka, zikilowa moto wote unatorokea kwenye chuma, haufiki kwenye plagi. Ulimwambia au hukumwambia?"

Kukhu akatazama miwa.

"Kukhu," nikasema, "mama alisema waya, nawe ukaniambia asante?"

"Sasa ningesemaje?" akanigeukia, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Mama mkwe amfundishe mkwe wake kununua vitu dukani? Mbele ya Mhindi? Ungekwenda kuwaambia watu wako kwamba umeoa kwenye nyumba ya wanawake wenye midomo. Mimi nililinda jina la mjukuu wangu."

"Jina! Na mjukuu mwenyewe?"

Machozi yakamlengalenga, na nikaona ni bibi mzee sana ambaye hakutaka ubaya kwa mtu. Lakini nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia yule dereva na redio yake, nikajikasirikia mimi niliyewekewa waya mezani nikapiga kelele. Nikashuka dimbwini, maji hadi magotini, nikafungua boneti. Na kweli. Waya zote nne mpira wake umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, zinatiririka maji. Siku mbili nilikuwa nazisogeza pembeni ili nizifikie plagi.

Nikatafuta kitambaa cha kuzikausha. Shati langu limelowa, leso ya Kukhu imelowa. Nikasimama tu.

Nyuma yangu nikasikia kamba inakatika. Kisha sauti ya mama, karibu, kutoka dirishani: "Nyoosha mkono nyuma. Usigeuke."

Nikarudi kinyumenyume hadi dirishani, nikanyoosha mkono nyuma. Ikawekwa ile leso iliyokuwa pazia letu, kavu kabisa. Halafu kikawekwa kitu kingine, kidogo, kizito: kikopo cha mafuta ya mgando, kipya, hakijafunguliwa.

"Pangusa, halafu paka mafuta juu ya mpira," akasema. "Maji hayapendi mafuta."

Kukhu alipokiona kile kikopo akashika mdomo. "Ulinunua?" akamwuliza.

"Nilinunua," mama akasema.

Mwenzetu wa Pwani, kwetu mtoto ambaye hajazaliwa haandaliwi kitu, na nyumba iliyozika wawili ndiyo kabisa. Hata sindano hainunuliwi, kifo kisije kikasikia. Mama huyu alikuwa amenunua mafuta ya kumpaka mjukuu wake, akayaficha kikapuni chini ya ndizi, hakumwambia hata Kukhu. Na sasa ameyatoa nikapake gari. Nilizikausha waya moja moja, nikazipaka mafuta ya mtoto toka kichwa hadi mkia.

Hendeli ikazunguka mara mbili. Gari likawaka.

Lugari

Kulinasua gari kwenye tope la lile dimbwi kulitula mchana mzima, kisha tukapita mji wa Broderick bila kusimama. Mvua ya alasiri ikatukuta baada ya hapo, kubwa kuliko ya jana, na gari likaenda. Hakukuwa na leso tena. Niliendesha shingo ngumu, macho mbele tu, na nyuma yangu nikawa nasikia mtu anapumua.

Jua likizama tukafika. Dorika alikuwa amelala kama alivyosema jirani, uso umevimba hata sikuutambua vizuri. Mimi nikabaki mlangoni. Kwa mila yetu mama haingii nyumba ya mkwe wake hivi hivi, bila sherehe na bila zawadi, na Kukhu akafungua mdomo kumkumbusha. Mama akampita akaingia.

Nilimsikia akisema maneno machache. Dorika akalia, akasema hapana. Mama akasema tena, polepole, na Dorika akasema hapana, lakini kwa sauti nyingine. Kisha mama akaita, bila kumpitia Kukhu wala mtu mwingine yeyote:

"Mkwe! Njoo umbebe mke wako. Tunakwenda."

Hospitali

Ya njiani siyaandiki. Dorika alikuwa nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake, Kukhu karibu nami akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo. Pale hospitali ya misheni walimpokea wakamwingiza ndani haraka, daktari akauliza kwa nini tumechelewa hivi. Mama akaingia naye, amemshika mkono kama alivyoombwa. Mimi nikabaki kwenye benchi la ukutani na Kukhu, ambaye alisinzia begani mwangu.

Kulikuwa kumekucha kabisa mlango ulipofunguliwa. Nikazitambua zile hatua. Mtoto wa kwetu hafundishwi mara mbili: nikainuka nikageukia ukuta, nikampa mgongo. Nimesimama nasoma chokaa.

"Geuka," mama akasema.

Sikugeuka.

"Geuka, wewe. Nimechoka kuuona mgongo wako. Geuka uambiwe."

Nikageuka. Ni mama wa makamo, mrefu, mwenye macho ya Dorika yale yale, mekundu kwa kukesha. Akanitazama usoni moja kwa moja.

"Ni msichana. Walimpasua mama yake wakamtoa. Yuko hai. Na Dorika yuko hai, amelala, anapumua vizuri. Daktari anasema atapona."

Nilikaa chini. Si kwenye benchi, sakafuni. Nililia mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo sidhani mila imeliwekea hata jina, na Kukhu akaamka akaanza kupiga vigelegele kabla hajajua habari yenyewe.

Mama akangoja nimalize. Kisha akavuta kanga yake vizuri, akakaa kwenye benchi, akaanza kuongea. Wenzangu, mwanamke huyo alikuwa amenyamaza tangu nilipomwoa binti yake! Alianza na ninavyoendesha. Akaja kwenye sauti ninayopandisha madukani. Akasema jiko la Dorika nimelijenga upande wa upepo, moshi wote unamrudia. Akasema naenda kumwona mwisho wa mwezi kama mtu anayekwenda kulipa kodi. Akasema mimi ni mwembamba mno, na ndevu hazinifai. Kila alipovuta pumzi nilidhani amemaliza, kumbe anapanga mengine. Ndani mtoto akaanza kulia, kwa nguvu, kwa hasira, naye akapandisha sauti juu ya kilio hicho akaendelea kunisema, nami nikabaki pale sakafuni, sitaki hata mmoja wao anyamaze.